Miezi 14 na mashine za kusikia za baba: maoni yangu kwa mwenye mzee nyumbani

Nimechelewa makusudi kuandika haya maoni. Mengi niliyosoma kabla ya kununua yalikuwa ya mtu aliyevaa mashine wiki mbili, au ya muuzaji mwenyewe, na wiki mbili kwa kitu hiki hazikuambii lolote, yaani ungeniuliza mimi wiki ya pili ningekwambia usipoteze hela yako. Kwa hiyo nikasubiri. Baba ana miaka 78, anavaa mashine mbili, zile zinazokaa nyuma ya sikio, zina kimrija laini kinachoingia kwenye moldi iliyotengenezwa kwa kufuata umbo la sikio lake, na zinatumia betri ndogo za duara za kubadilisha, sio za kuchaji. Wengine wanaziita shimesikio, sisi nyumbani tunasema tu mashine. Jina la kampuni silitaji kwa sababu karibu yote nitakayosema yanahusu kitu chenyewe na watu wanaoishi na anayekivaa, na hiyo sehemu ya pili ndiyo sikuiona imeandikwa popote.

Kwanza mjue hatukwenda kutafuta mashine kwa sababu ya masikio. Tulikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa imeharibika.

Baba alikuwa amehama akiwa amekaa pale pale kwenye kiti chake. Nyumba ina watu 6, wajukuu wanaingia na kutoka, na katikati yao yupo mzee anayeweza kumaliza siku nzima hajasema zaidi ya "ee" na "haya". Alikuwa na rafiki zake wawili wa tangu ujana, walikuwa wanampitia kila wiki bila kukosa, wakaanza kuja mara moja kwa mwezi, kisha wakaacha, na baba akasema wamebadilika, siku hizi wana maringo. Simu aliacha kushika, ikiita anamsukumia mama. Na mama akawa ndiye mdomo wake, mgeni akisema "mzee shikamoo, vipi afya", kabla baba hajafungua kinywa mama keshajibu "hajambo, ni magoti tu yanamsumbua". Mgeni anamgeukia mama, maongezi yanahamia huko, na baba anabaki anafuata midomo ya watu, huyu akimaliza anamgeukia yule, kila mara amechelewa. Upweke wa mtu anayeishi peke yake nilikuwa naujua. Huu wa kukaa katikati ya watu wako mwenyewe sikuwa naujua, na nimeona kwa macho yangu jinsi unavyomla mtu.

Na ugomvi sasa. Ulikuwa na mwendo ule ule kila siku. Mama anasema kitu kwa sauti ya kawaida, baba anasema "nini?", mama anarudia, baba anasema "sema basi, mbona unanong'ona?", mama anapaza sauti, na hapo hapo baba anakunja uso, "sasa unanifokea nini?" Mama anaondoka anaacha maneno hewani. Miaka minne hivyo. Mama alikuwa ameamini kabisa kwamba baba anafanya makusudi na ushahidi wake alikuwa nao, "akitaka kusikia anasikia, mbona akitajwa yeye chumba cha pili anaitika?" Na sisi watoto, nasema ukweli, tulikuwa upande wa mama.

Kumbe hata huo ugomvi una sababu yake ndani ya sikio. Yule mtaalamu aliyempima baba alituambia sikio la ndani lina seli zenye vinywele vidogo sana, takriban 15,000 kwa kila sikio, na zikifa hazioti tena. Zile za kupokea sauti nyembamba, za juu, ndizo zinazotangulia kufa uzeeni. Sikio la namna hiyo linafanya kitu cha ajabu, sauti ndogo halizipati kabisa lakini ukipandisha kidogo tu juu ya kile kiwango chake linaipokea kwa nguvu zote, karibu na maumivu. Yaani nafasi kati ya "sijasikia" na "unaniumiza" inakuwa finyu mno. Mama alikuwa anatoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuona kama kuna katikati. Tulipoambiwa hivyo mama alikuwa amekaa pembeni ya mlango, akainamisha kichwa, hakusema kitu mpaka tumefika nyumbani.

Naomba nikae hapo kwenye kupima kidogo kwa sababu ndipo kila kitu kilipogeuka, kabla hata ya mashine. Walianza kwa kumwangalia masikio kama yamejaa nta, na sikio moja lilikuwa limejaa, likasafishwa kwanza. Msikubali kuuziwa mashine na mtu ambaye hajachungulia ndani ya sikio. Halafu akaingizwa kachumba kadogo kasikopitisha sauti, akavalishwa hedifoni, akapewa kitufe, kila akisikia mlio anabonyeza. Sisi tulikuwa nje tunamwona kupitia kioo. Kuna sehemu ndefu tulikuwa tunaona mtaalamu anatuma milio, anatuma, anatuma, na baba ametulia kabisa anangoja, kidole kimekaa juu ya kitufe, uso una utii kama wa mtoto kwenye mtihani. Hakubonyeza. Mimi pale ndipo nilipotoka nje kulia.

Grafu ilionyesha sauti nene anazisikia karibu vizuri, halafu mstari unaporomoka kwenye sauti nyembamba. Mtaalamu akatufafanulia kwa maneno ambayo tangu siku hiyo sijayasahau. Irabu ni nene na zina nguvu, a, e, i, o, u zote baba anazipata. Zinazopotea ni s, f, sh, th, t, k, p, hizo ni nyembamba na ni dhaifu. Kwa hiyo ukimwambia baba neno "pata" anapata a na a. Ukimwambia "kata" ni a na a. "Taka", "paka", "kaka", "sasa", zote kwake ni neno moja, na yeye anabaki kuchagua lipi linaelekea. Ndiyo maana alikuwa anasema "nasikia ila sielewi" na sisi tukidhani akili ndiyo inaondoka. Ndiyo maana pia jina lake akitajwa chumba cha pili anaitika, mtu jina lake halibahatishi, amelisikia miaka 78. Na sauti za wajukuu, ambazo ni nyembamba zaidi ya zote, hizo ndizo zilizotangulia kuondoka. Mjukuu mmoja alikuwa ameshazoea kwamba babu hajibu, alikuwa anapita mbele yake kama anayepita mbele ya kabati.

Nirudi kwenye mashine. Kosa letu la kwanza tulinunua kikuza sauti cha mtandaoni, kinauzwa kwa picha zinazofanana kabisa na mashine ya kusikia, na bei yake ilitupa matumaini. Sio kitu kimoja jamani. Kikuza sauti kinapandisha kila kitu kwa pamoja, mlango, sahani, kikohozi, feni, na zile sauti nene ambazo baba anazisikia tayari zinazidi kumpiga wakati s na t bado hazifiki. Alikivaa siku tatu akakiweka kwenye droo na akasema nisimletee tena takataka, na ilichukua miezi 7 mingine kumshawishi akapimwe. Miezi 7 ilipotea hapo. Mashine yenyewe inawekewa programu kwa kufuata ile grafu ya mtu, inainua pale paliposhuka na kuacha pale palipo sawa, na ina kikomo ili sauti kubwa isivuke ikamuumiza. Ndicho unacholipia.

Kosa la pili tulichukua moja ili kupunguza gharama. Kwa mtu ambaye masikio yote mawili yamechoka, kuvaa moja kunamfanya asijue sauti inatoka wapi, ukimwita anageukia upande usiko, na kwenye kelele anapotea. Ya pili tukaongeza mwezi wa tatu na tofauti tuliiona wiki hiyo hiyo.

Wiki za kwanza ni ngumu na niwaambie wazi ili msikate tamaa kama sisi tulivyokaribia. Siku ya kwanza baba alisema anasikia sauti yake mwenyewe kama yuko ndani ya pipa. Gazeti likawa linapiga kelele. Maji ya bomba yalimkera. Nyayo zake zilimshtua, akasimama katikati ya ukumbi akaangalia nyuma nani anamfuata. Siku ya pili akazivua. Sababu ni kwamba ubongo umekaa miaka bila hizo sauti, umesahau zipi za kupuuza, sasa zote zinaingia kwa wakati mmoja na zote zinadai kusikilizwa. Tulishauriwa aanze saa mbili kwa siku, chumba kitulivu, mtu mmoja anaongea naye, basi. Halafu saa tatu. Halafu nne. Nilikuwa nakaa naye mimi, nasoma gazeti kwa sauti yeye anafuata kwa macho, na siku ya 19 (nimeandika kwenye daftari) akanikatiza akasema "umeruka mstari". Alikuwa sahihi.

Wanasema wiki kadhaa mpaka miezi kadhaa kuzoea. Kwa baba ilichukua miezi mitatu kamili, na alirudi kurekebishiwa programu mara 4. Ukiona muuzaji anakupa mashine kwenye boksi na kukuaga, hujanunua huduma, umenunua boksi tu. Sehemu tuliyonunua kwa marekebisho hawakuwa na shida lakini kwa matengenezo nawapa alama ndogo, ya kulia iliharibika mwezi wa 9 wakakaa nayo siku 16 bila kutoa ya kuazima, na kila nikipiga simu naambiwa kesho. Siku 16 kwa mzee ni nyingi. Siku ya nne tu mama alikuwa ameshaanza tena kumjibia wageni, nilimsikia mwenyewe, na yeye hakujua kama amerudia.

Betri sasa, kwa sababu hakuna anayeziandika. Hizi za baba ni namba 13, zina stika ya rangi ya chungwa. Ukiitoa stika hewa inaingia ndani na ndipo betri inaanza kufanya kazi, kwa hiyo usiichomeke papo hapo, iache kama dakika moja ndipo uiweke, sisi tulikuwa tunaharakisha na tulilalamika sana kwamba betri ni mbovu. Na stika ikishatoka haiwezi kurudishwa, betri inaisha hata kama haitumiki, kwa hiyo usizibandue zote mapema eti kumrahisishia. Zinatuendea siku 8 mpaka 12. Tatizo ni vidole. Vidole vya miaka 78 na kidude cha ukubwa wa kitufe cha shati, kikianguka sakafuni kimepotea. Mama ndiye anabadilisha, na nitarudi kwa hilo. Jambo moja la lazima, betri zikae mbali na vidonge. Ni ndogo, ni za mviringo, na kuna wazee wamezimeza wakidhani ni dawa, ni hatari kweli kweli, ukiona imetokea ni kukimbilia hospitali. Watoto vile vile.

Moldi. Ya kwanza ilikuwa imelegea kidogo, na ikilegea sauti inavuja inarudi kwenye maiki na mashine inapiga mluzi mkali. Ilikuwa inapiga hasa kitu kikikaribia sikio. Yule mjukuu ambaye alikuwa amezoea kupita, alipoona babu anajibu alianza kumrukia shingoni, na kila akimkumbatia mashine inapiga filimbi, baba anajikunja anamsukuma, mtoto akaanza kuogopa. Tulikuwa tumerudisha kitu kwa mkono mmoja tunakipoteza kwa mkono mwingine. Wakachukua kipimo kipya cha sikio wakatengeneza moldi nyingine na mluzi ukaisha karibu wote. Kama mashine za mzee wenu zinapiga mluzi msikubali kuambiwa ndivyo zilivyo, rudini.

Sasa zisichofanya. Hazirudishi masikio ya ujana. Kwenye mkusanyiko wa watu wengi baba bado anapata nusu, ukumbi wenye mwangwi ndio kabisa. Zinafanya kazi vizuri mtu akiwa ndani ya mita moja na nusu, uso anauona, mwanga uko kwenye midomo. Kwenye shughuli za familia siku hizi tunamkalisha kona, ukuta nyuma yake, ili sauti zije kutoka mbele tu, na tunapeleka mtu mmoja mmoja kwake. Simu ya kawaida bado inamsumbua, simu ya video anaiweza kwa sababu anaona mdomo.

Nilisoma pia utafiti wa Marekani uliotolewa 2023, watu 977 wa miaka 70 hadi 84, walifuatiliwa miaka mitatu, wengine wakapewa mashine wengine hawakupewa. Kwenye kumbukumbu na akili, ukiwachukua wote kwa pamoja hakukuwa na tofauti, ila wale waliokuwa kwenye hatari zaidi tangu mwanzo kushuka kwao kulipungua karibu nusu. Kwa hiyo anayewauzia kwa kuwaahidi kwamba mzee hatapata maradhi ya kusahau anavuka mpaka. Lakini kutoka utafiti ule ule, 2025 yalitoka matokeo mengine ambayo mimi yalinigusa zaidi, kwamba baada ya miaka mitatu waliopewa mashine walikuwa wamebaki na wastani wa mtu mmoja zaidi kwenye watu wao wa karibu kuliko wenzao. Mtu mmoja. Unaweza kuona ni kidogo. Mimi nilichukua kalamu nikawahesabu wa baba. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango cha kuwalemaza, sasa fikiria ni nyumba ngapi mtu anaitwa mkaidi, anaitwa mwenye dharau, anaitwa amechanganyikiwa, na hakuna aliyemchungulia sikio.

Katika wale rafiki wawili mmoja amerudi. Nilimpigia mwenyewe nikamweleza, akanyamaza kidogo akasema "sisi tulidhani ametuchoka, ukimuuliza kitu anatikisa kichwa tu". Anakuja kila wiki, anakaa upande wa kushoto ambao ni mzuri zaidi. Wa pili alifariki ndani ya ile miezi 7.

Huko kutikisa kichwa ndiko kulikomtenga baba na kaka yangu mkubwa pia. Miaka mitatu kabla ya mashine kulikuwa na kikao cha familia kuhusu wazazi wahamie kwa nani, watu wengi, kila mtu anaongea, kaka akaeleza mpango wake akamuuliza baba "umeridhika?" na baba akatikisa kichwa, akasema "sawa". Kaka akatumia fedha nyingi kuandaa chumba. Siku ya kuhama ilipofika baba akashangaa, akasema hakuna aliyemwambia, na mbele ya watu akasema kaka anataka kumwamulia maisha. Kaka akajiona ameitwa mwongo na baba yake mzazi. Wakaacha kusemezana. Sio kupunguza, kuacha. Akija kuona mama anakuja baba akiwa hayupo.

Nilitamani niandike hapa kwamba mashine zilipoingia masikioni wakapatana. Haikuwa hivyo. Tulimwonyesha kaka ile grafu, akaiangalia muda mrefu, akasema "kwa hiyo hakusikia, sawa, kwa nini hakusema hasikii?" Na hilo ni swali la haki, mimi sikuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo baba. Nilimuuliza jioni moja tukiwa wawili, mashine ziko masikioni, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema "mara ya kwanza unauliza, mara ya pili unauliza, mara ya tatu unaona mtu anapumua kwa nguvu. Niliona aibu kuuliza mara ya tatu." Halafu akasema ndani ya kikao kile alikuwa ameshauliza mara mbili na mama alimwambia "nitakueleza baadaye".

"Nitakueleza baadaye." Ndugu zangu hilo neno lifuteni. Tulikuwa tunalisema wote, kila siku, kila mtu akicheka na baba akiuliza mnacheka nini, "aah hakuna kitu, nitakueleza". Na hatukumweleza hata mara moja. Ningeambiwa nitaje kitu kimoja kilichomtenga baba na sisi, seli za sikio ningezitaja za pili.

Kwa hiyo katika haya maoni lazima niseme gharama ya pili ambayo haipo kwenye risiti. Sisi ndio tuliotakiwa kuzoea. Kumwita jina kwanza na kungoja ageuke. Kuzima TV kabla ya kuongea badala ya kushindana nayo. Kutopiga kelele, kwa sababu kelele inapotosha midomo na inarudisha yale maumivu, bali kusema taratibu kidogo. Akikosa neno kutorudia lile lile mara tano, ubadilishe sentensi, kwa sababu kama "pata" haikupita mara ya kwanza haitapita mara ya tano, lakini "pokea" inaweza kupita. Na mama alitakiwa kunyamaza mgeni akimuuliza baba hali, anyamaze kabisa, hata baba akichelewa kujibu. Mama ilimchukua muda mrefu kuliko baba kuzoea mashine. Alikuwa amembeba miaka yote hiyo akiwa na hasira naye, na sasa anaambiwa ashushe vyote viwili, mzigo na hasira, kwa siku moja. Kuna siku alilia akaniambia "kwa hiyo miaka yote nilikuwa namgombeza mgonjwa?" Nikamwambia hapana mama, ulikuwa umechoka na hakuna aliyekuambia.

Kaka sasa anapiga simu ya video Jumapili, dakika 10, wakati mwingine 6. Wanaongelea afya na habari za dunia. Kuhusu kikao hawajaongea. Baba akimaliza simu hukaa kimya kidogo na uso hauna ile giza ya zamani lakini hauna furaha pia. Mimi nimeacha kuwasukuma. Zamani hata nafasi ya kukwepana kwa maneno hawakuwa nayo.

Alama basi. Mashine zenyewe kwa baba nazipa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa ajili ya vidude vidogo kwa mikono ya wazee na kwa ajili ya kelele za watu wengi. Upimaji 10, bila huo hakuna kitu. Matengenezo 4. Kikuza sauti cha mtandaoni 0 na ninaweka 0 kwa uzito, kwa sababu ya ile miezi 7. Kama ningerudia ningenunua mbili tangu mwanzo, na ningempeleka miaka minne mapema, siku ile ya kwanza aliposema "nasikia ila sielewi".

Kununua za kuchaji au za betri? Za kuchaji ni rahisi kwa vidole, unaziweka tu kwenye kikasha usiku, na kwa mzee anayeishi peke yake ningesema chukua hizo bila kufikiri. Sisi tungebaki na betri, na sababu yake sio ya kitaalamu.

Mwanzoni baba alikuwa anavua mashine saa mbili usiku ili kutunza betri, anafungua kimlango cha betri, nyumba inazimika kwake, analala. Mwezi wa tano hivi mama akaniambia kwa aibu, kama anayeomba kitu kikubwa, kwamba ile saa ya mwisho kabla ya usingizi ndiyo walikuwa wanaongea zamani, ndoa nzima, taa ikizimwa ndipo wanaambiana ya siku. Gizani huwezi kusoma midomo. Kwa hiyo hiyo saa ilikuwa imekufa kabla ya zingine zote na hakuna mtu alijua isipokuwa yeye. Sasa baba anapanda nazo kitandani. Chumba changu kimepakana na chao, nasikia tu mvumo, sauti mbili za chini, hii ikisimama ile inaingia, mara kicheko, halafu baadaye sana kale kamlio ka kimlango cha betri kinafunguliwa, "tik", upande mmoja, na cha pili. Mama ndiye anavifungua kwa sababu vidole vya baba haviwezi. Kwa mtindo huu betri zinaisha mapema zaidi. Tunanunua nyingi.